Mwalimu na Fundi wa Kivule: walibana msosi miezi miwili, deni likazidi kupanda

Hawa ni watu ninaowajua, wamekubali niandike ila majina nimeyaacha, mke namwita Mwalimu na mume namwita Fundi maana ndizo kazi zao. Mwalimu anafundisha sekondari ya kata, Fundi anatengeneza friji na AC, ana fremu yake ndogo Buguruni. Walikuwa wamepanga vyumba viwili Kivule, Dar es Salaam, watoto wawili, mkubwa darasa la tatu shule ya English medium na mdogo bado wa kulelewa nyumbani na dada wa kazi. Wana kiwanja hukohuko Kivule ndani ndani, kina pagale, kuta zimesimama na bati limepigwa vyumba viwili, hakuna plasta wala dari. Nimekitaka kisa hiki kwa sababu kila mtu anakwambia ukiwa na madeni bana matumizi, na hawa walibana kweli, walibana mpaka mtoto akauliza kwani sisi siku hizi ni maskini, na bado wakawa wanazama. Kwa hiyo swali langu ni walikosea wapi kubana, maana nia walikuwa nayo.

Tuanze na walichokifanya Agosti na Septemba 2024. Walikuwa wanatumia kama 12,000 kwa siku kwenye chakula, wakashusha mpaka 8,000. Wali ukawa Jumapili tu, nyama ikaisha, mayai yakaisha. King'amuzi cha 28,000 kwa mwezi wakakiacha kizime, dada wa kazi waliyekuwa wanamlipa 60,000 wakampa nauli akarudi kwao. Ukipiga kwa karatasi hapo wameokoa 208,000 kwa mwezi, siyo mchezo.

Sasa njoo mtaani uone hiyo hela ilivyoyeyuka. Mdogo hawezi kubaki mwenyewe, kwa hiyo akapelekwa kwa jirani kwa 2,000 kila siku ya shule, hiyo ni kama 44,000. Fundi akifika nyumbani anakuta sahani nyepesi, hasemi kitu, ila kesho yake anapita kwa chips kabla hajarudi, 3,000 hapa 3,000 pale, mwenyewe alikuja kukadiria ni kama 75,000 kwa mwezi. Mkubwa akaanza kudai buku badala ya mia tano ya shule kwa sababu chai ya asubuhi imekuwa ya mkavu. Halafu kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Hela ikiwa ndogo mkononi huwezi kununua dumu la mafuta, unanunua ya kupima, sukari robo, unga kilo moja moja, na bei ya kupima wote tunaijua, na siku isipokuwepo kabisa unamtuma mtoto na daftari. Mpaka mwisho wa Septemba daftari la Mangi lilikuwa limefika 94,000. Ukizijumlisha zote, katika ile 208,000 walichookoa kweli ni kama 31,000 kwa mwezi. Njaa ya miezi miwili, ugomvi wa kila jioni, kwa 31,000.

Na hapo bado hujagusa tatizo lenyewe, kwamba kila mmoja alikuwa na deni ambalo mwenzake halijui.

Lilipasuka Jumatano moja mwanzoni mwa Oktoba. Fundi anarudi na pikipiki anakuta uani kwake wamekaa akina mama saba kwenye mkeka na kijana mmoja wa kiume kwenye kiti cha plastiki, ana daftari na kimkoba cha kuvaa kifuani. Wanamsalimia vizuri kabisa, karibu kaka, pole na kazi. Mwalimu yuko ndani hatoki. Mmoja wa wale mama ndiye akasema, kaka sisi hatuna ubaya na wewe ila mkeo amekosa rejesho wiki mbili na leo afisa haondoki mpaka kikundi kikamilike, na sisi tumeshamlipia wiki iliyopita kutoka mifukoni mwetu. Fundi akatoa hela iliyokuwa mfukoni, hela ya gesi ya AC ya mteja, akalipa. Wakaaga vizuri vilevile.

Usiku akataka kuwaka, na alikuwa na haki ya kuwaka, ila Mwalimu akamsogezea simu. Kulikuwa na sms aliyokuwa ametumiwa mkuu wake wa shule, kwamba mtu fulani mwenye namba fulani ni tapeli, amekopa hataki kulipa, mwambieni alipe. Namba ni ya Fundi. Mikopo ya kwenye simu ilikuwa imeingia kwenye orodha ya namba zake ikaanza kuwatumia watu ujumbe. Mwalimu alikuwa ameiona sms hiyo tangu wiki moja nyuma akanyamaza kwa sababu na yeye ana lake. Kwa hiyo usiku ule hakuna aliyepata pa kusimama kumfokea mwenzake, na nadhani hilo ndilo lililookoa ndoa, maana angekuwa amefumwa mmoja tu sasa hivi tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Aliyewasaidia ni shangazi yake Fundi, mhasibu mstaafu wa Saccos, yuko Ukonga. Walikwenda Jumamosi na maneno mengi ya kujitetea, shikamoo shangazi, marahaba, kaeni, leteni karatasi. Hakutaka hadithi. Alitaka kitu kimoja, kila deni linakula shilingi ngapi kwa wiki. Watu wengi tukiulizwa madeni tunataja jumla, nadaiwa milioni tatu, nadaiwa kumi, na kwa jumla lile la benki ndilo linaonekana jitu. Yeye akasema jumla tutaiandika baadaye.

Kwanza akataka salary slip, Mwalimu akaifungua kwenye simu. Mshahara wa msingi 800,000. Mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya NHIF asilimia 3, 24,000. Chama cha walimu, CWT, asilimia 2, 16,000. Kodi ya mshahara, PAYE, 68,000. Bodi ya Mikopo, deni la kusomea chuo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000, na hiyo huna ujanja nayo, zamani ilikuwa 8 ikapandishwa 2016. Mpaka hapo zimebaki 532,000. Halafu benki 265,000. Mkononi 267,000. Ukiangalia vizuri hiyo 267,000 ni theluthi moja ya laki nane na chenji kidogo, na siyo bahati mbaya, kanuni inasema mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi ya mshahara wa msingi, kwa hiyo benki ilipokuwa inampigia hesabu ya mkopo ilimkopesha mpaka ukutani. Mkopo wenyewe ulikuwa milioni 12 na kidogo kwa miaka 6, ndio ulionunua kiwanja na kusimamisha pagale. Ilikuwa imebaki miezi 50.

Hela ya Fundi inapanda na kushuka, ila ukitoa kodi ya fremu walikubaliana ni wastani wa 550,000. Jumla ya nyumba 817,000.

Sasa yale mengine. Mwalimu alikopa milioni moja kausha damu, ile mikopo ya vikundi ya kurudisha kila wiki, akakatwa 50,000 ya fomu na ada akapewa 950,000, anarudisha 65,000 kila Jumatano kwa wiki 20. Alinunulia friza la kutengeneza barafu na juisi za kuuza, akamwambia mumewe ni hela ya kikoba. Rejesho lilipomshinda akachukua nyingine laki tano kampuni tofauti ili aliweke sawa la kwanza, hiyo 33,000 kwa wiki, nayo wiki 20. Kwa hiyo 98,000 kila wiki, ambayo kwa mwezi inakaribia 425,000. Mshahara wake mkononi ni 267,000. Rudia kusoma hapo. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapanda daladala mbili, anafundisha mwezi mzima, na hela yote anayoishika haitoshi kulipa mkopo wa barafu.

Shangazi alipiga riba ya ule mkopo wa kwanza. Ukisema umekopa milioni unarudisha milioni na laki tatu unaona ni asilimia 30, siyo mbaya sana. Lakini mkononi ulipewa 950,000, na kila wiki unarudisha kipande, kwa hiyo hela uliyonayo inazidi kupungua huku riba inapigwa kwenye milioni nzima. Ukiipiga inavyotakiwa inakuja kama asilimia 3.2 kwa wiki, karibu asilimia 14 kwa mwezi. Benki Kuu, BoT, chini ya kanuni za huduma ndogo za fedha za 2019 imeweka ukomo wa asilimia 3.5, na hiyo ni ya mwezi. Yeye alikuwa anailipa kwa wiki.

Ya Fundi ilikuwa ni apu tatu za kukopesha kwenye simu. Moja anadaiwa 200,000 na aliyoipokea ni 150,000, nyingine 130,000 alipokea laki, ya tatu 150,000 alipokea 110,000. Zote za siku 14. Siku zikifika huna, unalipa ada ya kusogeza tarehe, deni linabaki palepale. Kwa apu zote tatu alikuwa analipa 95,000 kila wiki mbili na hajapunguza hata shilingi. Na mzizi wake ulikuwa kazini, mteja anampa hela ya kompresa, hela inapita nyumbani kwanza, ikifika siku ya kununua kompresa haipo, basi anakopa spea Kariakoo na kukopa apu kuziba. Kariakoo peke yake anadaiwa 850,000, muuzaji ni mtu wanayejuana, hana riba ila amenuna. Kikoba, Mwalimu anadaiwa 600,000. Na Mangi.

Karatasi ikapangwa upya sasa kwa kinachokula kwa wiki. Kausha damu mbili 98,000. Apu tatu karibu 48,000. Benki ukiigawa ni kama 61,000 ila inakatwa hukohuko. Kariakoo sifuri. Mangi sifuri. Ile njaa ya miezi miwili iliwaokolea kama elfu saba kwa wiki, huku apu peke yake zinachukua 48,000 kwa kusogeza tarehe tu, na hizo hazikuguswa kwa sababu hazikuwepo kwenye mazungumzo ya nyumba.

Kwa mawazo yangu hapa ndipo kisa kizima kilipo. Chakula ni kitu mnachokiona wote wawili mezani, kwa hiyo ndicho mnachokikata. Deni la siri halikai mezani.

Nilidhani shangazi atasema ueni kausha damu kwanza, na ningeshauri hivyo hata mimi. Akasema hapana. Kausha damu riba yake imeshapigwa yote siku ya kwanza, ukilipa leo zote 910,000 zilizobaki kwenye la kwanza au ukilipa kidogo kidogo kwa wiki 14 ni ileile, labda uwabembeleze wakupunguzie na aghalabu hawapunguzi. Lakini apu, kila wiki mbili unazochelewa ni ada mpya. Kwa hiyo hela yoyote itakayopatikana iende kwenye apu, na kausha damu iachwe iishe kwa tarehe zake, ila asichukue awamu nyingine.

Hela ilitoka kwenye friza. Waliuza 380,000 kitu walichonunua 750,000, na Mwalimu alilia, ila Fundi ambaye friji ndio kazi yake akamwonyesha kwamba lile friza lilikuwa linaingiza kama 35,000 kwa mwezi ya barafu na umeme wa nyumba ulikuwa 45,000, na wao kama wapangaji wanachangia mita na wenzao kwa hiyo hawako kwenye ile tarifu ya chini ya uniti 75 ambayo uniti inauzwa 100 kabla ya kodi, wako kwenye tarifu ya kawaida ambayo ni mara tatu yake. Friza lilipoondoka LUKU ilishuka mpaka 22,000. Biashara ya barafu kumbe walikuwa wanaifanyia TANESCO. Apu mbili zikafa siku moja, 330,000, na 50,000 iliyobaki ikaenda kwa Mangi, ambaye alikubali kupokea nyingine kila wiki kidogo kidogo kwa masharti ya kutofungua daftari jipya.

Ya tatu ilijimaliza kivyake. Novemba 2024 BoT ikatoa orodha ya majukwaa na apu 69 zinazokopesha bila leseni, na ile ya tatu imo. Fundi akashangilia deni limekufa, shangazi akamwambia pole pole, uliyoipokea uliipokea. Wakapiga hesabu, alipokea 110,000 na za kusogeza tarehe ameshalipa zaidi ya laki mbili. Akaacha kulipa. Mimi siyo mwanasheria na sisemi kila mtu afanye hivyo, nasema alichofanya yeye. Akaizuia isione namba zake kwenye simu, akaifuta, akamwendea mkuu wa shule kwa miguu yake kumwomba radhi. Walipiga simu kama mwezi hivi wakachoka.

Tatizo bado lilikuwa hesabu haifungi. Walirudisha chakula 10,000 kwa siku, wakamrudisha na dada, maana bila yeye hakuna kilichookolewa, wakaanza kununua mafuta kwa dumu na mchele kwa kiroba mshahara ukitoka tu kabla hela haijapoa. Petroli na nauli zikapungua kidogo, bando likakatwa nusu. Nyumba ikawa inakula kama 727,000 na kodi na ada ya shule zikiwa ndani. Kwenye 817,000 inabaki 90,000, na rejesho ni 425,000. Hapo hata mle majani hamfiki. Lazima hela iongezeke, na iliongezeka kwa sababu ya joto. Novemba mpaka Machi Dar ni msimu wa AC, Fundi alikuwa anaufanya kila mwaka lakini hela inapita, safari hii akawa na laini mbili, hela ya spea ya mteja inaingia laini ya kwanza na hiyo haiingii nyumbani hata mtoto akiumwa, hela ya ufundi laini ya pili. Ilifika 900,000 Desemba, na mwezi uliofuata hivyo hivyo. Lile pengo likazibika kwa shida, kuna Jumatano mbili tatu alilipa kwa hela aliyoipata saa nane mchana siku hiyohiyo.

Kuna simu pia ya afisa wa benki, na hapa nikae kidogo kwa sababu walimu wengi watajikuta. Katikati ya Oktoba anapiga, mwalimu habari za kazi, naona una nafasi ya top up, yaani kuongezewa mkopo juu ya ule ulionao, unaweza kupata milioni mbili na nusu ukafuta madeni yako yote. Mwalimu akaona ni mkono wa Mungu. Na kwa riba tu yule afisa hakuwa anadanganya, benki ni kama asilimia 16 kwa mwaka na kausha damu ni 14 kwa mwezi, kuhamisha deni kutoka huku kwenda kule ni akili. Ila makato yake yameshafika ukutani, hayawezi kuzidi 265,000, kwa hiyo benki inachofanya ni kurudisha miezi kutoka 50 mpaka 72. Miezi 22 zaidi mara 265,000 ni 5,830,000. Kwa milioni mbili na nusu, tena kabla hawajakata bima na ada. Shangazi aliziandika hizo namba mbili juu na chini, akamsukumia karatasi akaenda kuangalia maharage.

Msimamo wangu kuhusu top up ni kwamba kama ungekuwa unaendelea kuzungusha kausha damu mwaka mzima, chukua, ni nafuu. Hawa walikuwa na wiki 18 tu mbele yao na msimu wa joto unaingia. Kulipa karibu miaka miwili ya mshahara ili ukwepe miezi minne ya kubanwa, hapana. Na kuna jambo watu hawalisemi, wengi wanaofuta kausha damu kwa top up wanarudi kausha damu, maana kimefutwa kile kinachouma na kilichowapeleka kule bado kipo.

Kuacha kausha damu nako kulikuwa na vita yake. Mwalimu alipomaliza la kwanza katikati ya Januari afisa akamwambia umekuwa mteja mzuri, sasa unapanda milioni na nusu. Akakataa. Wenzake wa kikundi wakaanza kumsema, kwa sababu akitoka mmoja kikundi kinapungua idadi na wengine hawapewi, na kumbuka hawa ndio waliomlipia siku zile. Walimwambia chukua hata laki tatu tu utuokoe. Hapo ndipo naona watu wanapofungwa zaidi kuliko kwenye riba, mdhamini wako ni jirani yako, utakutana naye bombani. Alichofanya ni kuwarudishia wote waliomlipia mpaka mia ya mwisho, halafu akawatafutia mtu wa kuziba nafasi. Mimi hilo la pili sikulipenda, kumwingiza mwingine shimo ulilotoka, nilimwambia, akasema ungekuwa wewe ungefanyaje. La pili liliisha katikati ya Februari.

Kikoba kilivunjwa Desemba, wakamkata 600,000 yake na riba kutoka kwenye hisa, akaondoka na 165,000. Ikanunua mlango wa chuma. Mlango wa nini, wa pagale, kwa sababu kodi ya miezi sita ilikuwa inaisha mwisho wa Januari na wakaamua hawalipi nyingine. Katika yote waliyobana hili ndilo lililokuwa na uzito, 120,000 ya kodi na 22,000 ya umeme vinatoka kwa mpigo mmoja, na ndilo walilokuwa wanaliogopa kuliko vyote. Chumba kimoja madirisha waliziba kwa turubai. Taa ya sola moja. Simu wanachaji fremu. Mama yake Mwalimu alipokuja kuwatembelea alikaa kimya muda mrefu akauliza na mvua je. Masika ilivuja upande mmoja, wakahamisha kitanda.

Shule ya mkubwa ndiko walikokwaruzana zaidi na mpaka leo hawajaelewana. Ada ilikuwa kama 75,000 ukigawa kwa mwezi, basi la shule halijaingia hapo, mshahara wa Mwalimu ndio ulikuwa unalibeba. Shule za msingi za serikali ada hakuna, michango ya chakula na mitihani ipo lakini ni kitu cha kuvumilika. Mwalimu akasema mimi nafundisha serikalini, tunawaambia wazazi waleteni watoto, wa kwangu ana nini. Fundi akaona aibu ya watu, akaona pia darasa lina watoto wengi, na hilo lina ukweli. Januari alihamia. Anasoma vizuri, mama anamkalisha jioni kwenye ile taa ya sola, Fundi bado kila likizo anaanzisha mjadala.

Harusi ya mdogo wake Fundi waliahidi 150,000 tangu mwaka umeanza, na kamati ya WhatsApp haina huruma, wanabandika majina ya walioahidi na wanaodaiwa kila asubuhi. Fundi akawapigia wakubwa wa ukoo wawili, siyo kamati, akawaambia ukweli kwamba ana 30,000 na mikono yake. Akafanya service ya AC zote za ukumbi bure, ukumbi ukawapunguzia kamati bei. Kuna shemeji mmoja mpaka leo hamsalimii vizuri.

Kariakoo 850,000 ilianza kulipwa kwa nguvu Februari kausha damu ilipoisha, ikamalizika Juni 2025. Mangi alishamalizwa zamani. Imebaki benki na Bodi, vyote vinakatwa kwenye mshahara, na kwa mara ya kwanza tangu wajenge wanabakiwa na kama laki mbili na nusu mwezi ukiisha. Hapo ugomvi mwingine ukaanza, safari hii mtamu kidogo. Fundi anataka hiyo hela iende kupunguza benki mapema. Mwalimu anataka umeme, kuunganishiwa mjini ni 320,960. Wakarudi kwa shangazi na karatasi yao, akamuuliza Fundi, wewe mtu wa friji unatengenezea friji za watu gizani hapo nyumbani? Wakalipia umeme.

Tena Mei Mosi ya 2025 ilikuwa imeshatangazwa kima cha chini serikalini kinapanda kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai, kutoka 370,000 mpaka 500,000, na ngazi nyingine nazo zikaguswa kiasi. Mshahara wa msingi ukipanda, theluthi nayo inasogea, ukuta wa makato unapata nafasi, na benki wanaiona nafasi hiyo kabla yako wewe. Wiki ileile mshahara mpya ulipoingia afisa wa benki akapiga, mwalimu hongera, naona sasa una nafasi nzuri zaidi ya top up. Mwalimu akamuuliza mkopo wangu unaisha lini. Akaambiwa Novemba 2028. Akamwambia basi nipigie Novemba 2028, akakata simu.